Kalenda ya Google mikononi mwa wakala wa akili mnemba: API imara, maelezo yasiyomtosha

Kwa mwandishi wa programu, API ya Kalenda ya Google (njia ambayo programu nyingine huitumia kuwasiliana na kalenda hiyo) ina nyaraka nzuri: kila kigezo kimeelezwa, kila kosa lina namba yake. Lakini ukimpa wakala wa akili mnemba (programu inayomfanyia mtu kazi yenyewe) nyaraka hizohizo kama zilivyo, ataharibu ratiba ya watu huku kila jibu analopokea likionyesha mafanikio. Makosa mabaya ya kalenda hayarudishi ujumbe wa kosa. Kwa hiyo anayejenga wakala inambidi aandike maelezo yake mwenyewe, mafupi, ya kila zana, yaani kila kitendo ambacho wakala anaruhusiwa kufanya kupitia API.

Muda ndio unaostahili nafasi kubwa zaidi. Wakala hajui leo ni tarehe ngapi; mwandikie kila mazungumzo yanapoanza, pamoja na saa za eneo, mfano Africa/Dar_es_Salaam. Mtumiaji akiandika "niwekee kikao Alhamisi saa nne asubuhi" na wakala akapeleka 04:00, API itapokea bila kulalamika. Kanuni iandikwe waziwazi: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6; saa 1 hadi saa 5 usiku, ongeza 18; kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, toa 6 na uangalie tarehe, kwa sababu imeshageuka. Kikao cha saa 8 mchana kitaandikwa 2026-03-12T14:00:00+03:00. Na mtu akisema "usiku wa Ijumaa", wakala aulize kwanza: kwa wengi huo ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi.

Tukio la siku nzima nalo lina mtego wake: tarehe ya mwisho haihesabiwi. Semina ya tarehe 12 hadi 14 inahitaji end.date ya tarehe 15, la sivyo siku ya mwisho inapotea.

Kwenye kusoma ratiba, events.list (ombi la kuorodhesha matukio) bila singleEvents=true hurudisha kikao cha kila wiki kama tukio mama moja, na wakala atasema Jumatatu iko wazi wakati haiko. Iweke true daima; ndiyo pia inayoruhusu orderBy=startTime. Kurasa huja na matukio 250 usipobadilisha, kwa hiyo nextPageToken (alama ya ukurasa unaofuata) ifuatwe hadi iishe. Kama swali ni "nina nafasi lini?", freebusy.query (ombi linaloonyesha tu muda ulio na shughuli) inatosha na haimwonyeshi wakala siri za mikutano.

Kwenye kuandika, kuna hatari mbili. Ya kwanza ni orodha ya waalikwa: patch (ombi la kurekebisha tukio) ikitumwa na attendees (waalikwa) yenye jina jipya peke yake, wale wa zamani wote wanafutwa. Soma tukio, ongeza jina kwenye orodha iliyopo, ndipo utume. Ya pili ni kurudia. Mtandao ukikatika katikati, wakala hujaribu tena na mkutano unakuwa miwili. Dawa ipo na haitumiki vya kutosha: kabla ya events.insert (ombi la kuunda tukio), tengeneza id (kitambulisho cha tukio) yako mwenyewe, yenye herufi a hadi v na tarakimu tu, urefu usiopungua 5. Jaribio la pili likirudi na kosa 409, yaani id hiyo tayari ipo, tukio limeshaingia. Taja pia sendUpdates=all unapotaka waalikwa wapate barua pepe; ukiiacha, wanaweza wasijue lolote.

Jambo ambalo waandishi wengi wa zana hizi wanalipuuza ni maandishi ya mialiko. Mtu yeyote anaweza kukutumia mwaliko ambao maelezo yake yanamwamuru wakala afute vikao au atume anwani za watu. Maelezo ya zana yaseme kwamba description (maelezo ya mwaliko) ni taarifa ya kusomwa, si agizo. Lakini usitegemee sentensi hiyo pekee: wakala wa kutafuta nafasi apewe ruhusa ya calendar.freebusy tu, na zana ya kufuta, kama ipo, isubiri mtu athibitishe.

Kwa ujumla tunaipendekeza API hii, ila usimfungulie wakala milango yote. Zana nne zinatosha: kuangalia nafasi, kusoma matukio, kuunda, kurekebisha. Kila moja iwe na mfano mmoja sahihi wa ombi, na irudishe siku ya wiki pamoja na tarehe, ili mtumiaji aone "Alhamisi 12 Machi, saa 8 mchana" kabla hajakubali.