Saa Mbili za Historia ya Heshima Katikati ya Nairobi

Jumamosi iliyopita nililipa shilingi 1,500 kuhudhuria somo la historia katika ukumbi mdogo karibu na Barabara ya Moi, mada ikiwa namna wanadamu walivyoonyesha heshima yao na kuitetea. Sehemu ya mapigano ya watu wawili ya kutetea heshima ndiyo iliyonirudishia thamani ya fedha zangu. Mwalimu alisimulia jinsi Aaron Burr, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alivyompiga risasi mwanasiasa mwenzake Alexander Hamilton tarehe 11 Julai 1804, na jinsi mshairi Pushkin wa Urusi alivyokufa mwaka 1837 kwa jeraha la pambano kama hilo. Kisha akafafanua kwamba kila upande ulikuwa na msaidizi aliyetarajiwa kujaribu suluhu kwanza, na kwamba wengi waliitikia mwito wa kupigana kwa sababu waliiogopa aibu kuliko kaburi. Japani ilipitiwa mbiombio, ingawa amri ya mwaka 1876 ya kuwakataza samurai, wapiganaji wake wa jadi, kubeba panga hadharani ilistahili zaidi ya dakika tano.

Kilichonisikitisha ni pwani yetu. Siwa (pembe kubwa ya kupulizwa katika sherehe) ya Pate, iliyochongwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ya shaba zilitajwa kwa sentensi moja, na kilemba hakikutajwa kabisa. Mtu atazungumzaje heshima kwa Kiswahili akakisahau kilemba? Tulichelewa kuanza kwa nusu saa bila kuombwa radhi (katika somo la heshima!), ila maswali yalijibiwa kwa subira. Nitarudi, nikiwa na mto wangu wa kukalia.