The Remains of the Day: riwaya ya mtu asiyesema la moyoni

Mara ya kwanza nilikiacha kitabu hiki njiani. Nilizoea riwaya ambazo sura ya kwanza haiishi bila mtu kuuawa, na hapa nikamkuta mtumishi mzee akijadili kwa kirefu ni kipi humpa mtumishi heshima ya kweli. Nilikirudia baada ya miaka miwili, safari hii bila haraka, na sasa nimeshakisoma mara tatu.

Kazuo Ishiguro alikitoa mwaka 1989, kikapata Tuzo ya Booker, tuzo kubwa ya riwaya huko Uingereza, mwaka huohuo. Kisa chenyewe ni kifupi. Julai 1956, Stevens, mkuu wa watumishi katika jumba la Darlington Hall huko Uingereza, anapewa gari na tajiri wake akatembee siku chache. Anaamua kwenda kumwona Bi Kenton, waliyefanya kazi pamoja zamani. Anashikilia kwamba ni safari ya kikazi, kwa kuwa jumba limepungukiwa na watumishi. Lakini barua ya mwanamke huyo ameisoma mara nyingi mno kwa mtu anayetafuta mfanyakazi tu.

Stevens anasimulia mwenyewe, na hapo ndipo penye utamu. Msomaji anamwelewa kabla yeye hajajielewa. Mwaka 1923 jumba lina wageni wakubwa, na baba yake, naye mtumishi humohumo, yuko taabani chumbani juu. Mzee anamwambia mwanawe kwamba anajivunia kuwa naye, na kwamba labda yeye hakuwa baba mwema. Stevens anajibu kwamba amefurahi kumwona ana nafuu, kisha anashuka kuhudumia wageni. Hatuambiwi kwamba analia. Tunajua kwa sababu bwana wake wa enzi hizo, Lord Darlington, anamuuliza mbona anaonekana kama mtu anayelia, naye anatoa leso na kusingizia uchovu wa siku ndefu. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Hakuna kifo cha riwayani kilichowahi kunishika namna ile.

Kuna kurasa zinazochosha, hasa zile za mazungumzo ya siasa mezani kwa Lord Darlington, aliyeegemea upande wa Wajerumani. Nilitaka kuziruka. Usiziruke: bila hizo hutaona ni nini hasa Stevens alikitumikia maisha yake yote. Kiingereza chake nacho ni cha adabu nzito, kinahitaji subira mpaka sikio likizoee.

Anayetaka mbio na mafumbo ya upelelezi hatashiba hapa. Nampendekezea yule anayependa kumchunguza mtu mmoja mpaka kwenye uvungu wa nafsi yake.

Karibu na mwisho, Stevens na Bi Kenton wameketi wakisubiri basi, na mwanamke anasema jambo ambalo lingepaswa kusemwa miaka ishirini nyuma. Stevens anamjibu kwa adabu ileile. Sisi wasomaji tu ndio anaotukiria, kwa sentensi moja fupi, kwamba moyo wake ulikuwa unavunjika. Nilipoimaliza sentensi hiyo nilikuwa nimesimama, wala sikumbuki niliinuka saa ngapi.