Panya wawili wa kufuga kutoka kituo cha kuokoa wanyama, miezi mitano sasa: uzoefu wangu (nyota tatu na nusu)

Mi nimekulia Tanga, panya kwetu ni kitu cha kutegwa, na mama yangu ni mtu wa Lushoto, kule tauni iliingia 1980 ikawa inarudi inarudi miaka na miaka, kwaiyo ukimtajia panya haoni cha kuchekesha hapo. Sasa ndo mimi leo niko Leeds, Uingereza, na panya wawili sebuleni, wana majina, wana mizani yao, wana na daktari. Ni binti yangu huyu, miaka 11, mwaka mzima wimbo ni huo huo, siku moja akaniletea hoja ya Magawa, yule panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, aliyezaliwa Morogoro akaenda kunusa mabomu ya ardhini Kambodia mpaka akavishwa medali ya dhahabu 2020, eti "mama, panya wa Tanzania ana medali na wewe unakataa". Nikamwambia yule ni panya buku, ukoo mwingine kabisa na hawa wa kufuga. Haikusaidia.

Tuliwachukua kwenye kituo kinachookoa wanyama wadogo. Jina sitaji kwa sababu lawama ninayo na sitafuti kesi. Madume wawili, ndugu, miezi minne hivi, pauni 20 kwa wote, mtoto akawaita Karafuu na Iliki. Kwanza niwape kituo haki yao: hawatoi panya mmoja. Ukitaka mmoja unarudi mikono mitupu, kwa sababu panya akikaa peke yake anasononeka mpaka anaumwa. Walitaka picha ya tundu kabla hatujafika, wakaangalia nafasi kati ya nyaya wasije wakapenya, wakatupa na mfuko wa chakula walichozoea cha wiki moja ili tumbo lisishtuke. Hapo nyota tano bila ubishi.

Shida imeanza siku ya pili, Karafuu chafya. Sio moja moja, mfululizo, kama mtu anapepeta pilipili. Nikapiga simu kituoni, yule kijana akanijibu ni ugeni wa nyumba tu, wiki mbili itaisha. Na kweli panya wengi wakihamishwa wanapiga chafya siku za mwanzo, hilo hakunidanganya, ila hakuniuliza swali moja ambalo lingeniokolea hela: umewatandikia nini?

Nilikuwa nimewatandikia maranda. Nimenunua dukani mfuko wa lita 40, juu yake kuna picha ya panya kabisa anatabasamu, maranda ya msonobari, yananukia utadhani umeingia kiwanda cha mbao Mafinga. Mi nikajua nimepatia, si hata kuku tunawawekea maranda. Kumbe ile harufu tamu ndo tatizo lenyewe, msonobari usiokaushwa vizuri unatoa kemikali inayochoma njia ya hewa, na panya anapumua kwa pua tu, hana ujanja wa kuachama mdomo kama sisi. Ongezea mkojo, maana nilikuwa nasafisha Jumamosi kwa Jumamosi kama nilivyosoma kwenye mfuko, mkojo ukikaa unatoa amonia, ukiinamia pale chini kwenye kona yenyewe macho yanawasha. Wao ndo wanalala hapo.

Siku ya tisa asubuhi nasikia mtoto analia, "mama, Karafuu anatoka damu puani na machoni." Nikaenda, kweli, wekundu umezunguka jicho kama wanja umekosewa, pua imeganda. Hapo moyo ukanidunda jamani, nikasema tumeua kiumbe cha watu kabla hakijamaliza hata wiki mbili.

Sio damu. Hili naliandika kwa kirefu kwa sababu najua kuna mtu atalia kama sisi tulivyolia. Panya ana tezi nyuma ya jicho inayotoa majimaji yenye rangi nyekundu, inaitwa pofirini, akiwa mzima anajipangusa mwenyewe huoni kitu, akiumwa au akiwa na stresi inazidi na hana nguvu ya kujisafisha. Mume wangu anafanya kazi dukani, ana ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia, daktari alivyotuambia kwamba pofirini inang'aa kwenye taa ya namna hiyo tukajaribu nyumbani na tishu tuliyompangusia, ikang'aa waridi. Damu haifanyi hivyo. Sahivi taa imehamia kwa mtoto, hakuna cha noti wala nini.

Daktari sasa. Kliniki ya karibu na kwetu walisema wao mbwa na paka, panya hapana, ikabidi mabasi mawili mpaka kwa mama mmoja anayejua wanyama wadogo, pauni 54 kumuona tu, dawa bado. Yani nimetoa 20 kwa panya wawili, 54 kumpeleka mmoja hospitali. Ila yule mama nampa nyota zote. Alimshika Karafuu akamweka ubavu sikioni kwake kama anaongea na simu, akanyamaza, alafu akanipa na mimi, haya sikiliza. Ndani kuna sauti kama mfuko wa nailoni unakunjwa polepole. Akaniwekea na Iliki nisikie tofauti, kwa Iliki kimya, moyo tu unakimbia.

Akanieleza kuna bakteria anaitwa Mikoplasma, karibu panya wote wa kufugwa wanaye, wanapewa na mama zao wakiwa wachanga, analala kwenye mapafu mpaka apate upenyo: safari, stresi, vumbi, amonia. Hatoki moja kwa moja, unamtuliza tu. Kwaiyo kituo hawakunipa panya mbovu, walinipa panya wa kawaida, mimi nikafungua mlango kwa maranda yangu. Lakini si wangeniambia basi! Karatasi moja tu. Hapo ndo nyota yao moja imeondoka, na nusu nyingine ni ile ya "itaisha yenyewe" bila kuuliza mnyama anakula, amepungua? Alikuwa amepungua. Siku anafika alikuwa gramu 392, kwa daktari 361. Mizani ya jikoni ya kupimia unga wa keki ndo imekuwa kifaa muhimu kuliko vyote humu ndani, kila Jumapili wanapandishwa kwenye bakuli la plastiki, maana panya anaficha ugonjwa, macho yako hayatakwambia lakini gramu zitakwambia.

Dawa tulipewa mbili, enrofloksasini na doksisaiklini, hii ya pili ndo ileile ya famasi tunayoijua, ila ya kwake inapimwa kwa vitone. Wiki tatu, asubuhi na jioni. Na dawa ni chungu, Karafuu anaitema, ikanijia akili ya kuichanganya kwenye siagi ya karanga. Msifanye hivyo.

Kijiko kidogo tu, akaibugia kwa pupa, sekunde chache akasimama. Akavuta kidevu kifuani kama anameza jiwe, mate yakaanza kutoka, mengi, yanachuruzika mpaka mikononi, anakwangua mdomo kwa vidole. Mtoto kakimbilia chooni hataki kuona. Panya hawezi kutapika, mwili wake haujaumbwa hivyo, kitu kikinata kooni mpaka kishuke chenyewe. Nikampigia nesi wa kliniki, akasema usimpe maji, usimsumbue, kama anapumua mwache pembeni pametulia. Dakika kama ishirini hivi nimepiga magoti pale kwenye kapeti. Kikashuka, akajipangusa uso, akaenda kutafuta chakula kingine, mjinga kabisa. Nesi akasema tumia ndizi mbivu uiponde. Ndizi mbivu jamani, kitu ambacho kwetu kinamwagika, mimi nahangaika na siagi ya karanga. Tangu hapo hakuna kitu cha kunata humu, hata ugali nikiwapa ni ule ukoko mkavu na kidogo.

Kwenye chakula ndo nilikosea zaidi bila kuona madhara haraka. Ule mfuko wa kituo ulivyoisha nilinunua mchanganyiko mzuri kwa macho, mbegu za alizeti, mahindi ya rangi, vipande vya kijani. Iliki anachagua. Anakaa kama mama anayepeta mchele, alizeti anakula, karanga anakula, vile vya kijani ambavyo ndo vina virutubisho anavisukuma pembeni, mi nikiona bakuli limebaki vya kijani naongeza mpya. Kwaiyo kwa wiki tano Iliki amekula mafuta matupu, akafika 560 na kitambi kinaburuta. Daktari akatuhamishia kwenye peleti, chakula kilichoshindiliwa vipande vipande, zote sura moja hakuna cha kuchagua, akasema kwa wakubwa angalia protini ya asilimia 14 mpaka 16 hivi, wadogo wanahitaji zaidi. Mi nawapimia gramu 36 kwa siku kwa wote wawili, natawanya tundu zima watafute, mboga jioni: sukumawiki, tango, brokoli, pea zilizogandishwa naziweka kwenye sahani ya maji wanazivua kama samaki. Dagaa mmoja mmoja Ijumaa, wasio na chumvi, nimewaloweka. Peleti zenyewe kama bidhaa ni nzuri, hazina vumbi, mfuko wa kilo mbili unakwenda mwezi na zaidi, kasoro ni bei na wiki ya kwanza walisusa, wamekaa wananiangalia kama wageni waliopewa chai bila kitafunio. Nikakaza. Siku ya tatu wakala.

Kuna jambo la machungwa pia, mi nilishawapa kipande na ganda lake. Kwa panya dume usimpe, kwenye ganda kuna kitu kinaitwa limonini ambacho kinamharibu figo, na ni kwa madume tu, wana protini yao inayonasa kile kitu kwenye figo, majike hawadhuriki hivyo. Kwenye karatasi ya daktari na embe limo. Maharage mabichi hapana, soda hapana kwa sababu hawabeui, viazi vyenye ukijani hapana. Meno yao ya njano yaliiva rangi ya chungwa nikataka kumuuliza daktari kama ni kuoza, akacheka, ni madini ya chuma kwenye meno, ndo yanavyotakiwa.

Rafiki yangu kazini ana majike, yeye hofu yake ni uvimbe wa matiti, tishu ya matiti kwa panya imesambaa mpaka kwapani na karibu na mapaja kwaiyo anawapapasa kila wiki. Sisi wa madume tunabanwa na kifua na kitambi.

Mama huko Tanga kila simu anauliza magonjwa. Hakuishia kwenye tauni, akaleta na homa ya mgunda ya kule Lindi 2022, ile inayopita kwenye mkojo wa panya, na sikuona hoja ya kumcheka kwa sababu anachosema ni kweli. Nilimuuliza daktari wazi. Akasema hawa waliozaliwa ndani na hawajachanganyika na panya wa mtaani hatari ni ndogo, ila si sifuri, kuna na homa inayoletwa na kung'atwa au kukwaruzwa, mtoto akipata homa na vipele au viungo kuuma baada ya kukwaruzwa mwambie daktari wa watu kwamba nyumbani kuna panya. Kwaiyo sheria ya nyumba ni sabuni, na hakuna kumbusu mdomoni, na jikoni hawafiki. Mama nikimweleza haya anasikiliza mpaka mwisho, alafu anasema, huku tunawatega, nyie mnawapeleka hospitali.

Karafuu leo ana 455, kifua kinamsumbua siku za baridi na dawa tunazo kwenye friji, daktari hakunificha kwamba itarudi. Wanaishi miaka miwili, mitatu wakijaliwa. Jioni akipanda begani kwangu anasaga meno, ile kri kri kri sikioni, na akinogewa macho yanachezacheza yanatoka na kurudi, mara ya kwanza nilipiga kelele, kumbe ndo furaha yenyewe.

Kituo: tatu na nusu. Daktari: tano. Mchanganyiko wa alizeti: moja. Tandiko la karatasi nililonunua baadaye: nne, halina vumbi ila linakwisha haraka. Yale maranda ya msonobari yamebaki zaidi ya nusu mfuko, yako kibarazani, kama kuna mtu wa Leeds anataka ya bustani aje achukue bure, ya panya simpi.