Saplimenti za farasi: ipi ununue kwanza na ipi uiache hapo dukani

Juzi niliitwa boma moja upande wa Karen, Nairobi, kuangalia farasi anayekonda, mwenyewe akanifungulia kabati ya stoo nikaona mikebe tisa, nilihesabu, kuna ya kwato, ya viungo, ya damu, ya kutuliza hasira, mingine unga umeshikana kwa unyevu umekuwa kama saruji. Na huko nje farasi mwenyewe alikuwa anaramba ukuta wa zizi mpaka rangi imetoka. Nikauliza chumvi iko wapi. Hakukuwa na chumvi.

Mimi si daktari, ni saisi tu, mtunza farasi, lakini hizi vitu nimezinunua na kuzikoroga kwa ndoo miaka mingi, so hii orodha nimeipanga vile ningetumia pesa yangu, sio ya bosi.

Kabla ya mkebe wowote, nunua mizani. Ile ya kuning'iniza ya sokoni inatosha, unafunga neti ya nyasi unasoma. Farasi wa kilo 450 anataka kama kilo 7 mpaka 9 za nyasi kavu kwa siku, na beli la Boma Rhodes (aina ya nyasi kavu) leo linaweza kuwa na kilo 12 na kesho 15 kwa bei ile ile, sasa kama unakata kwa macho hujui unalisha nini. Akikosa nyasi hakuna unga utamjaza.

Haya, namba moja ni CHUMVI. Ya kawaida, ile ya jikoni. Farasi asiyefanya kazi anataka kama gramu 25 mpaka 30 kwa siku, hiyo ni vijiko viwili vya mezani visivyojaa, na akitoka jasho unaongeza. Jiwe la kuramba weka, sawa, lakini wengi hawarambi vya kutosha juu ulimi wa farasi ni laini, sio kama wa ng'ombe, kwa hiyo mimi namwekea pia kwa chakula, na maji yawe karibu kila wakati. Usibadilishe na magadi eti ni chumvi pia. Magadi ni kitu kingine kabisa, na ina floridi nyingi ya kuharibu meno na mifupa.

Namba mbili KALSIAMU, na hapa nikae kidogo manake ndio shida yetu sisi wa nyanda za juu na watu hawaijui. Nyasi ya kikuyu, hii hii iliyojaa kila boma, ina oksaleti, kemikali ya asili ya majani, na oksaleti inaishika kalsiamu tumboni inatoka na mavi kabla farasi hajaitumia. Halafu juu ya hiyo tunampa pumba. Pumba za ngano zina fosforasi karibu mara kumi ya kalsiamu, wakati farasi anataka kinyume, kalsiamu iwe nyingi kuliko fosforasi, karibu mbili kwa moja. Mwili ukikosa unaenda kukopa kwa mifupa. Nilikuwa na mmoja mwekundu, mpole sana, alianza kuchechemea leo mguu huu kesho ule, tukamnunulia dawa ya viungo ya bei ya kutoa machozi miezi mitatu hakuna kitu. Siku moja namvalisha hatamu nikaona ile kamba ya pua haifiki tundu lake la kila siku. Nikapitisha mkono usoni, juu ya meno ya taya, pande zote mbili kumevimba, kugumu kama mfupa umeongezwa. Daktari alipokuja hata hakufungua begi, aliuliza tu anakula nini. Pumba kilo mbili kwa siku na kikuyu mchana kutwa.

Dawa yake haikuwa ghali. Tulitoa pumba, tukaweka alfalfa (hapa wengi wanaiita lusen) kilo mbili kwa siku, na chokaa ya mifugo ile wanauza agroveti kwa ajili ya kuku wa mayai. Chokaa hiyo ni kama asilimia 38 kalsiamu, gramu 50 inampa karibu gramu 19, na farasi mzima wa kilo 500 mahitaji yake ya chini ni kama gramu 20 kwa siku, lakini anayeshinda kwa nyasi ya kikuyu anataka zaidi ya hapo. Loweka kidogo ishikane na chakula la sivyo anaiacha chini ya ndoo. Na TAFADHALI sio chokaa ya kupaka nyumba, hiyo inachoma. Kuchechemea kuliisha baada ya miezi kadhaa, uso haukurudi vile ulikuwa.

Namba tatu, madini kamili ya farasi, yani ule unga au tembe wenye shaba, zinki, seleniamu na vitamini pamoja. Ukichukua mmoja mzuri unaweza kutupa nusu ya kabati. Angalia lebo iandike kiasi, sio "ina zinki" tu, iseme miligramu ngapi kwa dozi. Usichanganye mbili zenye seleniamu, mwili unataka miligramu 1 mpaka 3 tu kwa siku na ikizidi kwa muda manyoya ya shingo na mkia yanapukutika na kwato zinapasuka, halafu mtu anaona kwato zimepasuka anaongeza mkebe mwingine.

Wale mnaotaka kuokoa pesa mnunue ya ng'ombe, nisikieni vizuri. Baadhi ya vyakula na madini ya ng'ombe, na vyakula vingi vya kuku wa nyama, vinawekwa monensini, dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya tumbo. Kwa kuku haina neno, kwa farasi inaua misuli ya moyo, miligramu 2 mpaka 3 kwa kila kilo ya mwili inatosha kummaliza. Hakuna dawa ya kuirudisha. Kama gunia halisemi wazi ndani kuna nini, au kinu kinasaga vya kuku na vya farasi kwa mashine moja, mimi sinunui hata nipewe nusu bei. Na hii inahusu punda pia, wale wa kubeba maji na wale wa Lamu, wote ni familia moja.

Namba nne mafuta ya kupikia, ya soya au ya mahindi, kwa anayekonda lakini ukimpa nafaka nyingi anakuwa kichaa. Anza na mililita 50, panda polepole wiki mbili tatu. Farasi hana kibofu cha nyongo, inatiririka tu kidogo kidogo, ndio maana ukimwaga kikombe kizima siku ya kwanza mavi yanakuwa uji. Mafuta yakinuka vibaya usimpe.

Namba tano vitamini E, lakini kwa farasi wa ndani tu, asiyeona nyasi mbichi. Nyasi ikikauka vitamini E inapotea. Anayekula majani mabichi kutwa hahitaji. Kwa lebo tafuta "d-alpha", hiyo ni ya asili na mwili unaipokea vizuri kuliko "dl-alpha". Herufi moja tu hiyo l, lakini pesa inapotelea hapo.

Sita, bayotini ya kwato, ni vitamini, miligramu 15 mpaka 20 kwa siku. Inasaidia wengine, si wote, na kwato inakua chini ya sentimita moja kwa mwezi kwa hiyo unasubiri miezi tisa mpaka mwaka ndio uone ukweli. Watu wananunua mkebe mmoja, wiki sita, "haifanyi kazi", wanaacha. Heri usianze.

Elektrolaiti, zile chumvi za kurudisha zilizotoka na jasho, ni ya siku za kazi ngumu na jua, polo au safari ndefu, na kama kitu cha kwanza kwa lebo ni sukari basi umenunua peremende. Unga wa viungo vya miguu ushahidi wake ni mwembamba, mwone daktari kwanza. Dawa ya kuongeza damu yenye chuma acha kabisa, nyasi zetu zina chuma ya kutosha, akiwa mweupe ufizi tafuta minyoo na kupe.

Bei pigia hesabu ya siku, sio ya mkebe. Tuseme mmoja ni 3,000 una kilo moja, dozi gramu 100, hiyo ni 300 kwa siku. Mwingine 6,000, kilo moja na nusu, dozi gramu 30, ni 120 kwa siku. Ule wa "bei nafuu" ndio unakumaliza.

Yule wa Karen tulipima neti yake ya jioni, kilo mbili na nusu. Mwenyewe alikuwa anadhani ni tano.