Ofisi ya mawakili Chake Chake: walivyonishughulikia pango, ajira na eneo la kununua

Nina tanuri la mikate hapa Chake Chake, boflo na maandazi ya asubuhi, na vijana wanne wananisaidia. Mwaka huu mambo matatu yalinijia kwa pamoja. Mwenye nyumba alitaka tuandikishane upya mkataba wa pango, vijana wakadai mikataba ya kazi, na huku nimeonyeshwa eneo Wawi la kujenga tanuri langu mwenyewe. Yote nikayapeleka kwenye ofisi moja ya mawakili mjini. Jina lao sitolitaja, maana nina la kuwasifu na nina la kuwalaumu, lakini niliyoyaona pale yatamfaa kila mwenye biashara wa Pemba na Unguja.

Mkataba wa pango mwenye nyumba aliuleta umeshachapwa, bado saini tu. Wakili, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alichukua kalamu ya risasi akausoma mstari kwa mstari mbele yangu. Alifika pahala akapiga duara, akaendelea, akapiga jengine. Kisha akanigeuzia karatasi. "Mama, mkataba huu ni wa Bara."

Na kweli. Uliandikwa kwamba unafuata Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kwamba tukigombana twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria hiyo na baraza hilo havipo Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano. Sisi tuna sheria yetu Na. 12 ya 1992, na kesi za ardhi zinasikilizwa na Mahkama ya Ardhi iliyowekwa kwa sheria Na. 7 ya 1994. Mtu akishaupata mkataba kwenye simu anabadilisha majina, anachapisha, anauleta usainiwe. Siku ya ugomvi ndipo kila mmoja anauliza pa kwenda. Wakili aliubadilisha wote, na akaniuliza jambo ambalo lilikuwa halikugusiwa kabisa: tanuri nililolijenga kwa pesa zangu ndani ya nyumba ya mtu, nikihama ni la nani? Sasa imeandikwa. Mashine ya kukandia, trei na milango ya chuma nachukua. Matofali yanabaki, na nitafidiwa kwa bei tutakayokubaliana mbele ya sheha, kiongozi wa Serikali mtaani kwetu. Notisi nayo ilitoka mwezi mmoja ikawa mitatu, kwa sababu tanuri halihamishiki kwa mwezi.

Lakini pahala walipoustahiki ujira wao ni kwenye eneo la Wawi.

Muuzaji ni mtu mzima, mwenye heshima zake, na bei yake ilikuwa nzuri. Sheha anamjua, majirani wanamjua. Wakili hakuanza na bei. Alituomba twende sote tukalione eneo, na tulipofika swali lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, mikarafuu ile ya nani?" Pembeni mwa kiwanja ilikuwepo mikarafuu, na muuzaji akasema bila ya kuficha kwamba aliipanda ami yake na watoto wa ami bado wanaichuma kila msimu. Wapemba tunalijua hili tangu utotoni: ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule. Lakini mtu akiwa na hamu ya kununua macho yanaangalia mipaka tu. Lau ningelipa, nami nikaja na shoka kusafisha pa kujengea, ningekuwa nimekata mali ya watu.

Swali la pili lilikuwa eneo lilimfikia vipi. Wakili alitaka kwanza kujua kama limo kwenye zile eka tatu zilizogaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi, kwa kuwa zile watu walipewa walime, si wauze. Halimo, ni la urithi kutoka kwa marehemu baba yao. Basi iko wapi karatasi ya mirathi? Haikuwepo. Ndugu walikuwa wamegawana kwa maneno, kwa kupendana, na dada yao mmoja yuko Mombasa. Wakili akasema kwa adabu kwamba hatoandika mkataba wa mauzo mpaka mirathi ipite kwa Kadhi na dada wa Mombasa akubali kwa maandishi. Muuzaji alinuna kidogo. Mimi moyoni nilifurahi, kwa sababu nimewaona wanawake wangapi hapa kwetu haki yao katika urithi inauzwa wao wakiwa mbali, kisha wanarudi na kukuta ukuta wa mtu. Sikutaka ukuta huo uwe wangu. Dada yule alikubali, na fungu lake limeandikwa. Watoto wa ami wamelipwa miti yao.

Mikataba ya kazi ndiyo iliyonikera. Sheria waliifuata sawasawa, ile ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005, na michango ikaelekezwa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, si NSSF ya Bara kama ilivyo kwenye mikataba mingi ya kunakili. Lakini waliniletea imeandikwa Kiingereza tupu. Vijana wangu wamesoma, ila kumsainisha mtu kwenye jambo la riziki yake kwa lugha asiyoitumia si haki. Niliwaambia hivyo, nikasubirishwa kupita kiasi mpaka ya Kiswahili ikatoka, na karani wao alinijibu ovyo nilipouliza. Kwa ofisi iliyoko Chake Chake hilo halina udhuru.

La pili ni pesa. Bei niliyotajiwa mwanzo haikuwa na ushuru wa stempu wala gharama za Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ambayo lazima iidhinishe mauzo kabla eneo halijawa langu. Ni malipo ya Serikali, sina ugomvi nayo, lakini mfanyabiashara mdogo anahesabu kila shilingi na yalipaswa kutajwa siku ya kwanza. Ukienda ofisi yoyote, omba bei yote iandikwe, na kila ukilipa dai risiti. Ambaye hana uwezo wa kulipa wakili aanze kwa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kipo tangu 1992 na Pemba wana ofisi hapa hapa Chake Chake.

Kwa jumla nawapa nne kati ya tano; ile moja wameikosa kwa Kiingereza chao na ulimi wa karani. Pango tumesaini, vijana wamesaini ya Kiswahili, kila mmoja ana nakala yake. Faili la Wawi liko Bodi, na pesa ya muuzaji nimeizuia mpaka idhini itoke, kama tulivyoandikiana.