Miaka 28 kwenye sacco ya walimu: uzoefu wangu, na habari ya saini

Walimu wapya shuleni kwetu, hapa Kenya, huniuliza swali moja: nijiunge na sacco ya walimu, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, au mshahara uende benki na nikope hukohuko? Nimelijibu mara nyingi nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha walimu, vitabu vya kusahihisha kifuani, na kila mara kengele hulia kabla sijamaliza. Leo naliandika lote.

Jibu langu ni: jiunge. Lakini kabla hujaweka saini kwenye fomu ya mwenzako, soma hadi mwisho.

Jina la sacco yangu naliacha. Ni mojawapo ya zile zilizoanzishwa na walimu wa wilaya moja miaka ya 1970, na leo ina matawi, programu ya simu na jina jipya. Nina lalamiko moja zito humu na sitaki libandikwe mtu.

Nilijiunga mwishoni mwa 1997, mara tu baada ya mgomo wa Oktoba. Serikali ilikuwa imekubali kutuongeza mshahara kwa asilimia 150 hadi 200, kwa awamu tano. Awamu ya kwanza tuliiona. Zilizofuata zikakwama, na 1998 tukarudi tena kwenye mgomo. Mwalimu mzee aliyekuwa akifundisha darasa la nane ndiye aliyeniletea fomu. Aliniambia, "Dada, nyongeza ya serikali ingoje ukiwa na akiba." Nikaandika Sh500 kwa mwezi. Kwa mshahara wa mwalimu wa msingi wa cheti cha P1 wa wakati ule, Sh500 ilikuwa pesa ya kuhisi.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kwa nini chama kile kilisimama wakati vyama vingine vya akiba mtaani vilikuwa vikivunjika. Alikumbuka enzi ambapo mwalimu aliajiriwa na misheni au na halmashauri ya wilaya, na mshahara ukija ukija, usipokuja ni hivyo. KNUT, chama cha kutetea walimu kilichoundwa 1957, ilipigania jambo moja kwa miaka kumi: mwajiri mmoja kwa walimu wote. TSC, tume ya kuajiri walimu, ikaja 1967. Mwajiri akiwa mmoja, makato yanaweza kutolewa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi, na chama kina uhakika wa kupata pesa zake kila mwezi kutoka kwa kila mwanachama, hata yule anayefundisha mwisho wa barabara. Wakati huohuo sheria ya ushirika ya 1966 ilikuwa imeshatoa njia ya kusajili. Ndiyo maana ukitazama, sacco nyingi za walimu zimezaliwa katika muongo uleule. Sacco iitwayo Mwalimu, ile kubwa ya kitaifa, ni ya 1974. Kwangu mimi, historia ya sacco zetu inaanzia kwenye ile karatasi ya mshahara.

Mhimili wa pili, baada ya makato ya mshahara, ni udhamini, na hapa nitakaa kidogo.

Benki ilipotaka hati ya shamba, sacco ilitaka watu. Unapata mkopo hadi mara tatu ya akiba yako, ilimradi wenzako wakubali kuweka akiba zao nyuma yako. Fomu ilikuwa karatasi ya njano yenye mistari ya jina, namba ya TSC, namba ya uanachama, kiasi anachodhamini, saini. Uliitembeza saa nne wakati wa chai. Mtu angeishika, aweke kikombe chini, aangalie kiasi, akuangalie usoni, aulize unataka pesa za nini. Ukisema unanunua mabati, aliuliza mangapi. Ukisema karo, aliuliza ya mtoto yupi. Nilidhani ni udaku. Baadaye nilielewa kwamba yale maswali ndiyo yaliyokuwa uchunguzi wa mkopo. Afisa wa mikopo aliyekaa mjini hakujua kama mimi ni mlevi au mcheza kamari. Mwalimu niliyekaa naye meza moja alijua.

Mkopo wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa 2009, Sh300,000 kwa miezi 48, za kununua ploti. Nitaonyesha hesabu kwa sababu vijana wengi hawaifanyi. Riba ya sacco kwa miaka mingi ilikuwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kila mwezi nililipa Sh6,250 za deni lenyewe. Mwezi wa kwanza riba ilikuwa Sh3,000, jumla Sh9,250. Mwezi wa mwisho riba ilikuwa Sh62 na senti 50. Riba yote kwa miaka minne: Sh73,500. Mkopeshaji anayekutangazia "asilimia 12 tu kwa mwaka" lakini anaipiga juu ya kiasi cha mwanzo hadi mwisho atakuchukulia Sh144,000 kwa mkopo uleule. Maneno ni yaleyale, asilimia 12, na tofauti ni karibu nusu ya nyumba ya mabati. Muulize mkopeshaji yeyote swali hili kwanza: riba ni ya salio linalopungua, au ya kiasi cha mwanzo?

Ile ploti ndipo ninapoishi. Sacco ndiyo iliyoniwezesha, na nitalisema hilo popote.

Sasa lalamiko. Mwaka 2011 nilimdhamini mwalimu tuliyefundisha naye miaka sita. Alikopa Sh420,000, akiba yake ikiwa Sh145,000. Tulikuwa wadhamini watano. Mwaka uliofuata aliacha kazi bila kuaga, akaenda nje ya nchi. TSC ikasimamisha mshahara, na makato yakasimama nao. Deni lilikuwa limebaki Sh310,000. Sacco ikachukua akiba yake yote, zikabaki Sh165,000, zikagawanywa kwa watano: Sh33,000 kila mmoja. Kisheria walikuwa sawa, nilitia saini mwenyewe. Kinachoniuma hadi leo ni namna nilivyojua. Hakuna barua. Hakuna simu. Nilifungua peslipu nikaona Sh2,750 zimekatwa chini ya kifupisho nisichokifahamu, na nikaiona miezi 12 mfululizo. Nilipokwenda tawini nilizungushwa meza tatu. Mwanachama anayebeba deni la mtu mwingine anastahili kuambiwa siku mkopo unapoanza kuchelewa, wakati bado anaweza kumtafuta mwenzake na kuzungumza naye. Nimelisema kwenye mkutano wa wajumbe mara mbili. Sasa ujumbe wa simu huja mkopo uliodhaminiwa ukichelewa. Umechelewa kuja kwangu, lakini umekuja.

Kutoka siku ile nina utaratibu: sidhamini zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja, na siandiki kiasi nisichoweza kukikosa. Kwenye fomu unaruhusiwa kuandika kiasi chako. Wengi huacha wazi na mwenye mkopo akajaza. Usiache wazi.

Kuhusu ukuaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 benki kubwa zilifunga matawi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha pesa unachotakiwa kubakiza kwenye akaunti. Walimu wakabaki wakisafiri kutwa nzima kufuata mshahara. Sacco zikafungua FOSA, kaunta ya kuweka na kutoa pesa kama benki, na mishahara ikahamia huko. Nakumbuka foleni ya siku ya kwanza ya kwetu ilivyozunguka jengo. Watu walikuja na watoto. Kwa mara ya kwanza ungeweza kupata mkopo wa mshahara siku hiyohiyo na kurudi na unga nyumbani.

Ila ukuaji huo ulikuja wakati mbaya. Sheria ya ushirika ya 1997 ilikuwa imeondoa sehemu kubwa ya usimamizi wa serikali, na kamati nyingi zikajikuta na mamilioni bila wa kuzikagua. Vyama viligawanyika, pesa zikaliwa. Marekebisho ya 2004 yalirudisha ukaguzi, kisha sheria ya sacco ya 2008 ikazaa SASRA, mamlaka ya kusimamia sacco, ambayo inatoa leseni kwa zile zinazopokea amana na kudai ziwe na mtaji wa msingi usiopungua Sh10 milioni. Mwanachama wa kawaida alihisi tofauti: hesabu zilianza kuja mapema, zikiwa na maelezo ya kusomeka.

Halafu majina. Kilifi Teachers ikawa Imarika, Taita Taveta Teachers ikawa Qwetu, Nyeri Teachers ikawa Ollin, Bungoma Teachers ikawa Ng'arisha, Nakuru Teachers ikawa Cosmopolitan. Milango ilifunguliwa kwa wafanyabiashara, wakulima, wafanyakazi wa kaunti. Wapo walimu waliolia kwamba chama kimeuzwa. Mimi niliunga mkono. Tangu serikali ilipositisha ajira mpya 1998 na kuajiri tu kujaza nafasi za walioondoka, chama cha walimu peke yao kingezeeka pamoja nasi. Lakini nakiri kuna kitu kilichopotea. Mfanyabiashara hana TSC ya kumkata, na hana meza ya saa nne ambapo mtu atamuuliza mabati mangapi.

Kinachonitia hofu kuliko hilo ni sacco kutaka kuwa kitu kingine. Mwalimu National, ile sacco ya 1974, ilinunua Equatorial Commercial Bank, ikaitwa Spire Bank, na miaka yote ile ilikuwa ikipeleka pesa za walimu kuziba mashimo ya benki, hadi 2023 Equity Bank ilipochukua amana na mikopo yake. Na kwenye KUSCCO, muungano wa sacco ulioanzishwa 1973, ukaguzi wa kina ulikuta shimo la Sh13.3 bilioni. Sacco nyingi zilikuwa zimeweka pesa huko na zikalazimika kutenga sehemu ya mapato kufidia. Yetu ilikuwa miongoni mwao, na mgao wetu ulishuka. Walipotueleza mkutanoni, mama mmoja mstaafu alisimama akauliza, "Nani kati yenu alituuliza kabla ya kuzipeleka?" Ukumbi ulinyamaza. Lilikuwa swali sahihi, na wajumbe wetu tulipaswa kuliuliza miaka kumi kabla.

Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya sacco, usitazame tu kiwango cha mgao kilichoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Chukua kitabu cha hesabu, tafuta sehemu ya uwekezaji, uone pesa zimewekwa wapi nje ya mikopo ya wanachama. Nusu saa inatosha.

Jambo jingine dogo linalowachanganya wengi: sisi wa zamani tuliita kila kitu "shea". Kuna mitaji miwili. Akiba yako ya kila mwezi ndiyo inayopimiwa mkopo, hulipwa riba, na unarudishiwa ukijiondoa, ukishatoa taarifa na kumaliza madeni pamoja na udhamini. Hisa hasa hulipwa gawio, nazo hazirudishwi. Unamuuzia mwanachama mwingine. Nimeona mwalimu aliyestaafu akibishana na karani kwa saa nzima juu ya hili. Uliza mapema ni kiasi gani kiko wapi.

Huduma ya sasa? Mkopo wa dharura kwa simu hufika ndani ya dakika chache, na ulimwokoa mwanangu usiku mmoja alipohitaji kulazwa. Kaunta ni safi, wahudumu wana heshima. Kasoro ni kwamba peslipu zimebanwa. Sheria inakutaka ubaki na theluthi moja ya mshahara, na tangu yaje makato ya serikali ya ujenzi wa nyumba ya asilimia 1.5 na ya SHIF, bima ya afya, ya asilimia 2.75, vijana wengi wana akiba ya kutosha kukopa lakini hawana nafasi ya kukatwa. Wanaishia kwa wakopeshaji wa simu kwa riba ya kutisha. Hapo sacco zinaweza kufanya zaidi: mtu aruhusiwe kuongeza muda wa mkopo wa zamani bila kutozwa ada ya kuanza upya.

Na udhamini nao umehamia kwenye simu. Ujumbe unakuja, fulani anaomba umdhamini kiasi fulani, bonyeza 1 kukubali. Hakuna kikombe kinachowekwa chini. Napendelea uharaka huo, ila sikubali kubonyeza kabla ya kuonana na mtu.

Tangu Jumatatu nina ujumbe wa namna hiyo. Ni mwalimu kijana wa JSS, yaani sekondari ya chini, alikuwa intani hadi alipoajiriwa kwa masharti ya kudumu Januari 2025. Anaomba nimdhamini Sh40,000. Anataka kumjengea mama yake jikoni na choo. Nimemwambia leo saa nne aje na peslipu na hesabu ya fundi. Najua nitamuuliza mabati mangapi.