Robin DR400 Cadet kwenye simuleta: ndege ya mbao, na inafundisha kweli

Wadau wa Arusha na Moshi mnaotaka kuanza kurusha ndege kwenye kompyuta, acheni kukimbilia majeti, anzeni na hii Robin DR400 Cadet. Ni ya Wafaransa, familia ya DR400 iliruka mara ya kwanza 1972, na ni mbao kweli kweli, mhimili wa bawa mbao, bodi plaiwudi, halafu mabawa yanavalishwa kitambaa. Mtu akisikia mbao anadharau, lakini lile bawa ndo utamu wenyewe aisee. Katikati limenyooka, ncha zimepinda kwenda juu, muundo wa Jean Délémontez uliotoka kwenye ndege za Jodel, na zile ncha zimezungushwa kidogo ili katikati ianze kuishiwa nguvu ya kubeba kabla ya ncha, yaani ukizembea spidi ikashuka sana haikulalii upande mmoja ghafla. Mwanafunzi anahitaji hicho.

Kioo cha juu unakisukuma mbele unaingia, kwa hiyo ukiwa hewani unaona kila upande. Ukitoka Moshi kwenda Arusha Kibo iko kulia, Meru inakuja mbele yako, raha sana.

Sasa injini. Cadet ni viti viwili na hospawa 112 tu, ukiondoka Moshi pale futi 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari inapanda vizuri, ila njoo kiwanja cha Arusha, futi kama 4,550, weka joto nyuzi 28, hewa inakuwa nyepesi kama uko futi 7,000, hapo inakimbia weee ndo inyanyuke. Lazima upunguze mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa unaoingia kwenye injini, uwe na subira, usiinue pua mapema. Mimi naipendea hapo, maana haikufichi kitu, na ukiizoea Arusha viwanja vya pwani vitakuwa rahisi. Meru ina mita 4,562 so usijaribu kuipita juu, zunguka kusini.

Ninachokosa ni ndugu zake. Simuleta niliyonayo imeweka Cadet peke yake wakati kuna Dauphin ya kubebea na watoto nyuma, kuna Régent ya hospawa 180, na kuna Remorqueur ya kuvuta glaida, zile ndege zisizo na injini. Régent hapa kwetu ingefaa mno, ungejaza watu ukaruka mchana bila presha.

Kwa kujifunza naipa 9 kwa 10. Ukiwa na joistiki hata ya bei ndogo itumie, ndege yenyewe inaendeshwa kwa kijiti, kibodi haitakupa ile feel kabisa.